Fulana ya Meneja

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikuwa amenuna. Mkewe alikuwa amenuna zaidi. Paka wao, aliyeitwa Meneja kwa sababu hafanyi kazi ila hukagua kila kitu, alikuwa amenuna kuwashinda wote wawili.

"Umemrudisha kwa nini?" mke alifoka.

"Yule mlezi wa paka amesema nimchukue. Amegoma kula tangu jana. Amejibana pembeni, anaufokea hata ukuta!"

"Na upasuaji wangu?"

Fundi akaliweka chini tenga la kumbebea paka. Mkewe alikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ilikuwa mji wa mbali, na tarehe ilikuwa mwezi ujao. Fundi ndiye angemshika mkono njiani. Majirani walimwogopa Meneja, kwa hiyo mume na mke wakatafuta nyumba ya kulelea paka. Mlezi alitaka kwanza paka alale kwake siku moja ya majaribio. Ndiyo hiyo iliyoharibika.

"Siendi popote nikiacha paka anakufa njaa," mke alisema. "Bora nipofuke!"

Alasiri mlezi mwenyewe akaja. Alikuwa mama mnene, mikono yote imejaa plasta. Naye hakuja kucheka.

"Fundi, ulimtiaje kwenye tenga?"

"Kwa nguvu. Angeingia vipi?"

Kelele za siku ile zilifika sokoni. Muuza nyanya alifunga meza yake akidhani vita vimeanza. Shati la fundi lilirudi kola tupu.

"Tenga hilo hulitoa lini?"

"Siku ya sindano."

"Basi! Akiliona tu anajua anakwenda kuchomwa. Wewe ungeingia? Na tandiko lake liko wapi?"

Fundi akatoa kifua mbele. "Lile tambara nililitupa. Nimemshonea godoro la satini, lenye marinda. Sikutaka tuaibike."

"Ulilitupa?" mke aliruka. "Amelilalia tangu mdogo!"

"Satini inanuka duka," mlezi alisema kwa ukali. "Paka hujua kwao kwa pua. Umempeleka ugenini, ukamnyang'anya na harufu ya nyumbani!"

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"La nani, la cherehani?" mke akadakia.

Mlezi akaketi. "Nisikilizeni. Tenga likae sebuleni, wazi, kama kiti. Chakula mwekeeni karibu nalo, halafu ndani. Akizoea, fungeni mlango kidogo, mfungue kabla hajahangaika. Chanjo zake zikamilike mapema, si siku ya kuondoka. Nileteeni chakula kilekile anachokula hapa. Kisha aje kwangu kushinda mchana tu, ndipo alale. Paka akigoma kula anaugua kweli, msifanye mzaha. Na nipeni kitu cha kulalia chenye harufu yenu. Msikifue!"

Mke akamgeukia mumewe. "Vua fulana."

"Fulana yangu inanuka?"

"Mtaa mzima unajua. Vua!"

Fundi akavua, huku akinung'unika, na mkewe akaitandika ndani ya tenga. Kila asubuhi alijikwaa kwenye tenga. "Nyumba yangu imekuwa stoo ya paka!" Lakini siku moja aliingia sebuleni akamkuta Meneja ndani ya tenga, ameingia mwenyewe, kidevu juu ya fulana. Fundi akarudi nyuma kwa ncha za vidole, na siku hiyo hakuendesha cherehani mpaka paka alipoamka.

Meneja akashinda kwa mlezi, akala. Akalala, akala tena.

Siku ya upasuaji simu ililia hospitalini. "Amemaliza sahani," mlezi alisema. "Sasa anakagua jiko langu, na halijampendeza." Mke akacheka. Akaingia chumba cha upasuaji bila kugeuka nyuma.

Waliporudi, walipitia kwanza kwa mlezi. Mke akaiokota ile fulana, akaisogeza dirishani. Jicho lake sasa liliona mpaka uzi. Makwapani matundu mawili. Tumboni moja. Pindo limefumuka lote.

"Baba," alisema taratibu, hasira zikimpanda upya. "Wewe ni fundi cherehani. Miaka yote hii ulikuwa unavaa hii?"

Fundi akainama upesi. Alifungua mlango wa tenga, na Meneja akaingia mwenyewe, mbio. Hata yeye aliijua hasira ya mke wa fundi.