Ufa wa Ukuta wa Mashariki

Kila Ijumaa, baada ya somo la hesabu, wavulana wa Shule ya Matofali walifyeka nyasi na wasichana walisiriba sakafu. Kinyesi cha ng'ombe kililetwa kutoka zizi la jirani. Udongo wa kichuguu ulitoka ng'ambo ya kijito, kwa sababu udongo huo hushikana vizuri na haupasuki upesi. Mwalimu Ojangole alikuwa amesisitiza mara nyingi kwamba udongo utoke ng'ambo, si kwingine.

Asio, msichana wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyewaongoza wenzake katika kazi hiyo. Ijumaa moja ya Mei, mwaka 1951, yeye na rafiki yake Ariokot walirudi na makarai yaliyojaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hakuna aliyewauliza chochote, kwa maana macho yote yalikuwa kwa mgeni aliyekuwa amefika punde tu.

Mgeni huyo alikuwa Karani Egesa, Msamia wa Busia, aliyetumwa na ofisi ya wilaya kutoka Tororo. Alining'iniza uzi wenye kipande kizito cha madini ya risasi kando ya ukuta wa mashariki, mahali palipokuwa na ufa, ili aone kama ukuta umeinama. Kisha alichoma fimbo ya chuma ardhini, akaitazama, akaandika. Mwisho alipaka utepe mwembamba wa saruji juu ya ufa, ili ukikatika ijulikane kwamba ukuta unasogea, na pembeni yake akaandika tarehe kwa penseli.

"Umemwona?" Ariokot alinong'ona. "Anauchimba msingi."

"Na baiskeli yake ni mpya," Asio alisema.

"Hata kofia. Nani amemnunulia?"

Kila mtu alijua, au alidhani anajua. Kampuni moja ya kununua pamba ilikitaka kiwanja cha shule, kwa kuwa kilikuwa kando ya barabara ya Tororo na Busia, ili ijenge ghala. Iliahidi shule mpya ya mabati kwingineko. Nusu ya wakulima walikubali, kwani walikuwa wamechoka kubeba pamba vichwani hadi mjini. Nusu nyingine walikataa katakata. Shule ile waliijenga wenyewe mwaka 1914, kila kaya ikifyatua matofali mia mbili, na humo ndimo wengi wao walimojifunza kusoma. Babu yake Asio, Mzee Okware, alikuwa ameacha alama ya dole gumba lake katika tofali moja karibu na mlango, na hakupita hapo bila kulitazama.

Ofisi ya wilaya ilikuwa imetoa neno moja tu. Jengo likiwa imara, litabaki. Likiwa hatari, litabomolewa. Kwa hiyo hatima ya shule nzima ilikuwa katika ufa ule.

Jioni Asio alimsimulia babu yake habari za karani. Mzee aliacha kusuka kamba.

"Ulimwona akichimba, au ulimwona akichoma fimbo tu?"

Asio alisita kidogo. "Akichimba, Babu."

Jumapili, watu walipotoka kanisani, habari ilikuwa imeshafika kila nyumba. Karani alipoomba maji ya kunywa, aliambiwa mtungi ni mtupu. Mtu asiyejulikana alitoa upepo kwenye gurudumu la baiskeli yake. Jumatatu utepe wa saruji ulikutwa umekatika katikati, na watu wakasema amekuja kuukata mwenyewe ili ushahidi utimie. Wale waliotaka ghala nao waliwashuku wenzao kwamba ndio walioukata ili karani alaumiwe. Majirani waliokuwa wakisalimiana kila asubuhi sasa walipitana kimya.

Jumatano Chifu Etyang aliitisha mkutano uwanjani mwa shule. Waliotaka ghala walisema mtoto anaweza kusoma popote, ila pamba haijibebi. Waliokataa waliuliza kampuni itawaachia nini siku itakapoondoka. Hatimaye karani aliitwa atoe taarifa.

"Matofali ni mazima. Nimeyagonga moja baada ya jingine," Egesa alisema. "Lakini kona ya mashariki imeinama inchi mbili, na utepe umekatika. Maana yake udongo wa chini unahama. Sababu siijui. Nisipoijua, sina budi kuandika kwamba jengo ni hatari."

Mzee Okware alisimama. "Sababu ni wewe, Karani. Mjukuu wangu alikuona ukichimba."

Uwanja ulivuma. Chifu aliinua mkono, akasema kwamba jambo hilo likithibitika ataandika Tororo karani afukuzwe kazi. Kisha akamwita Asio awaonyeshe mahali penyewe.

Asio alitembea mbele, watu wote nyuma yake. Alisonta palipochomwa fimbo. Kilikuwa kitundu kisichozidi upana wa kidole.

"Hilo ndilo shimo?" Chifu aliuliza.

Egesa hakujitetea. Alikuwa akilitazama rundo kubwa la nyasi lililokuwa hatua mbili kutoka pale, limeegemea ukuta. "Hizi nyasi ziko hapa tangu lini?"

"Wavulana huzitupa hapo kila Ijumaa," Mwalimu Ojangole alijibu.

Asio alijua kilichokuwa chini ya nyasi zile. Makarai sita kila Ijumaa, mwaka mzima na zaidi. Hakuwahi kuyajumlisha. Alitambua pia kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua. Karani atafukuzwa, na ukuta utaendelea kuinama.

Alipiga magoti, akaanza kuondoa nyasi kwa mikono.

Shimo lilikuwa la kina cha kiuno. Maji ya mvua yalikuwa yametuama ndani, na upande mmoja udongo ulikuwa umeliwa hadi chini ya ukuta, matofali ya safu ya kwanza yakining'inia hewani.

"Nilijua," Mzee Okware alisema. "Litazameni shimo lake."

"Si lake, Babu." Sauti ya Asio ilikuwa ndogo, lakini ilisikika. "Ni letu. Ng'ambo ni mbali, na hapa palikuwa na kichuguu cha zamani. Tulichimba udongo wa sakafu, kila mara tukalifunika shimo kwa nyasi. Na Karani sikumwona akichimba. Nilimwona na fimbo tu."

Ariokot alijitokeza, akasimama kando yake. "Na mimi nilichimba."

Egesa aliingia shimoni na viatu vyake, akapima, akaandika mstari mmoja katika daftari.

"Sasa sababu ninayo," alisema. "Ondoeni maji, shindilieni mawe na changarawe, chimbeni mfereji mbali na ukuta. Nitapaka utepe mwingine. Usipokatika kwa miezi mitatu, jengo ni imara."

Kazi hiyo ilichukua siku nne, na hata waliotaka ghala walileta mawe. Mzee Okware aliazima pampu, akaja mwenyewe akalijaza upepo gurudumu la baiskeli ya karani, kisha akamwomba radhi mbele ya watu. Agosti utepe wa pili ulikuwa mzima. Kampuni ilipewa kiwanja kingine upande wa pili wa barabara, na pamba haikubebwa tena hadi mjini.

Asio na Ariokot waliadhibiwa kuchota udongo ng'ambo ya kijito kila Ijumaa hadi mwisho wa mwaka. Ijumaa ya kwanza baada ya karani kuondoka, Mwalimu Ojangole aliwakusanya wanafunzi mbele ya ukuta wa mashariki.

"Kijiji kizima kilikuwa na mtu wa kumshuku," alisema, "na hakuna hata mmoja wetu aliyeinua nyasi, nami nikiwamo. Mnaposema mmeona, semeni kile tu macho yenu yalichokiona. Na mnapomtafuta aliyeharibu, anzeni kwa kuitazama mikono yenu. Asio alichelewa kufanya hivyo, lakini alifanya, na ndiyo maana leo mna ukuta wa kusimama mbele yake."

Kisha akamkabidhi Asio karai, naye akashika njia ya kijitoni.