Pindo la Gauni la Hyasinta

Sabaha alianguka sokoni Kariakoo, kati ya mafungu ya ndizi, na watu wakarudi nyuma kwa kuogopa povu la kifafa. Aliyepiga magoti alikuwa nesi kijana, Hyasinta, na gauni lake jeupe. Alimlaza mtoto ubavu, akakaa naye mpaka alipotulia.

Shomari, baba wa Sabaha, fundi cherehani aliyefiwa na mke, alilitazama tope lililoingia kwenye gauni lile.

"Nesi, nitakushonea jingine."

"Hujanipima."

"Nimeshapima."

Hyasinta akainamisha macho.

Hospitali walimwandikia Sabaha vidonge. Hyasinta alikwenda kwa Shomari kumwonyesha namna ya kumpa, kisha akawa anakwenda hata pasipokuwa na la kuonyesha. Sharti lake lilikuwa moja: asikose kumpa hata siku moja, la sivyo kifafa kitarudi. Gauni lilipokwisha, la rangi ya samli, lenye pindo la maua madogo, Hyasinta alipanda milimani kwao Kibosho kuwaambia wazazi wake kwamba ameposwa na Mwislamu.

Huku nyuma Sabaha alishikwa na homa, macho mekundu, upele mwili mzima. Majirani wakasema ni surua, na mtoto wa surua hapelekwi hospitali, sindano huurudisha upele ndani. Shomari akamficha chumbani. Midomo ilipojaa vidonda, vidonge alivisaga kwenye uji.

Hyasinta alirudi na ridhaa ya baba yake. Alipomfunua mtoto, ngozi ilitoka na shuka.

"Vidonge umeacha lini?"

"Sijaacha. Ulisema nisikose."

Hospitali, daktari alieleza kwamba wapo watoto wachache ambao dawa ile huwageukia, na Sabaha asiionje tena maishani. Akamwekea dripu. Kila asubuhi Shomari alileta majani machanga ya mgomba kutoka sokoni. Hyasinta aliyaosha kwa maji yaliyochemshwa, wakamlaza juu yake, maana hayagandi kwenye kidonda. Macho aliyasafisha kwa maji ya chumvi.

Ngozi ilirudi. Macho hayakurudi.

Siku ya kuruhusiwa, Hyasinta alikuja amevaa gauni lile.

"Hata mimi hakuna aliyeniambia, Shomari."

"Najua. Sikulaumu. Lakini kila unapomsogezea kijiko, natetemeka."

Sabaha alinyoosha mkono, akalipapasa pindo.

"Baba, hili si ulilolishona wewe? Nesi amelivaa?"

"Amelivaa."

"Amependeza?"

Shomari alimtazama Hyasinta, akamtazama tena.

"Sana, mwanangu," akasema, akambeba, wakatoka wao wawili.