Uso Mmoja wa Kubaki

"Hii ni ya wanga, Hitimana. Mi niliomba ya protini."

"Kimeng'enya ni kimeng'enya, mama. Nimekimbiza Peugeot toka kiwanda cha bia mpaka hapa, na we unanigombeza."

"Umeniletea kimea."

Mukamurenzi aliweka chupa juu ya jiwe. Alikuwa na goti bovu, na bastola ndogo ya Browning chini ya viazi kwenye kikapu. Alikuwa ameiwinda filamu iliyokuwa mbele yake sasa tangu Ruhengeri. Hakuwa na nguvu ya kugombana.

Aligombana hivyo hivyo.

"Kila kimoja kina kazi yake, na kinapangwa kwa kazi hiyo. Hiki kinakata wanga, basi. Picha zimeshikwa na jelatini, na jelatini ni protini. Mwaga chupa yako yote, hata kesho nyuso za kwenye filamu zitakuwa zinatutazama."

Filamu ya kamera ndogo ya Minox ilikuwa nyembamba kuliko kidole. Ndani yake, nyuso kumi na mbili: wapelelezi wote wa Ofisi yao kando ya Kivu. Majasusi wa kigeni walimlazimisha Wellars, mwenye mashua, aipeleke Bukavu. Badala yake aliileta hapa, kwenye chemchemi ya moto.

Akifika mikono mitupu, watamuua. Akifika nayo nzima, watakufa wengine.

"Tuioshe na javel, ile ya kutolea madoa," Hitimana alisema.

"Itanuka mpaka Goma."

Wellars alikohoa. "Mama, mi niko na watoto."

"Najua. Kwako nyama ngumu ya mbuzi mnailainisha na nini?"

"Na papai bichi."

"Yako kwenye mashua?"

"Iko tano. Za bibi yangu."

"Leta."

Mukamurenzi aliyachanja maganda kwa kisu. Utomvu mweupe, wenye kimeng'enya cha kukata protini, ulitiririka kwenye beseni na kumwasha vidole. Alichota maji ya chemchemi, akayapoza kwa maji ya ziwa, akaizamisha filamu.

"Ongeza moto, iende mbio," Hitimana alisema.

"Joto linakiharakisha mpaka mahali fulani. Ukipita hapo unakipika. Kimeng'enya kilichopikwa ni maiti."

"Donc tungoje tu?"

"Umeona wanawake wa Mahoko wakichambua maharage? Wakiwa watatu, ukiwarundikia gunia la pili hawaongezi mwendo. Mikono yao yote imeshajaa. Ukitaka haraka, ongeza wanawake."

Alichanja papai la mwisho. Utomvu wote ukaingia.

Redio ya Peugeot ilikwaruza.

"Ziwa, hapa Mlima. Boti ya wale wageni imepita kisiwa. Inamfuata mwenye mashua."

"Mlima, nimesikia," Hitimana alijibu.

Mukamurenzi aliinua filamu, akaishika juani, akaweka kioo cha kukuzia jichoni. Picha zilikuwa zikibanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Uso wa Hitimana haukuwepo tena. Wa Mukabalisa wa sokoni haukuwepo.

"Bon," Hitimana alipumua. "Zote zitatoka."

"Zikitoka zote, Wellars amekufa."

"Kwa nini?"

"Filamu tupu kabisa ni kazi ya mtu aliyekusudia. Filamu iliyoharibika ikabakiza picha moja ni kazi ya fundi mbovu. Fundi aliyeisafisha ni wa kwao. Wagombane naye."

Wellars alimtazama. "Picha ya nani, mama?"

Ngurumo ya injini ilisikika ziwani.

Zilibaki nne. Alizipitia kwa kioo. Uwimana, mwenye kitoto kinachonyonya. Ndayisaba, ambaye ndiyo kwanza ameoa. Phocas, asiyejua kujificha.

Na mwanamke mwenye kitambaa, macho mazito, anayetazama pembeni kama mtu aliyekosa usingizi miaka mingi.

Mukamurenzi alikunja ncha yenye picha hiyo, akaibana kwa kibanio cha nguo nje ya maji. Tatu nyingine aliziacha zizame.

"Mama, hapana, huyo ni wewe," Hitimana alisema.

"Nyamaza. We bado kijana, tena unakosea chupa."

Alingoja mpaka zile tatu zilipotoweka. Akaisuuza filamu, akaipangusa, akaikunja ndani ya kikebe, akampa Wellars.

"Sema hukuifungua. Nenda."

Wellars alisukuma mashua. Mukamurenzi aliitoa Browning kikapuni, akampa Hitimana, akavua kitambaa cha kichwani na kukitupa kwenye maji ya moto.

"Utaenda wapi?" Hitimana aliuliza.

"Mudende, kulima. Viazi havina haja ya kuniona usoni."

Akashika njia, akichechemea. Hakugeuka.