Salamu ya Kifundo

"Maua yanaondoka saa sita."

Sauti ya Mzee Kemboi, mkuu wake wa upelelezi kule Nakuru, ilikwaruza ndani ya kifaa kidogo sikioni mwa Jepkemei. Maana yake ilikuwa moja: orodha inauzwa leo.

Saa tano na dakika arobaini.

Jepkemei alikuwa kwenye meza ya kupanga waridi, ndani ya pakihausi, banda la kufungasha maua, la shamba moja chini ya mlima Longonot. Aproni ya kijani, buti za mpira, na chini ya aproni bastola ya Glock 19 imefungwa pajani. Wiki tatu alikuwa mpanga maua kama wanawake wengine elfu moja na mia moja. Wiki tatu alivaa bangili nyeusi ya plastiki kama wao. Na wiki tatu hasira ilikuwa imempanda, ikakataa kushuka.

"Ni ya afya yenu," Kigen, meneja wa wafanyakazi, aliwaambia siku ya kuzigawa. Tia sahihi hapa. Wakatia.

Afya!

Bangili ilihesabu dakika za chooni. Ilisikiliza mapigo ya moyo. Ilirekodi nani kasimama karibu na nani, mara ngapi, kwa muda gani. Kisha kompyuta ya ofisini ikawapanga binadamu jinsi wao walivyopanga waridi: huyu daraja la kwanza, huyu la pili, huyu tupa.

Waliotupwa waliingizwa kwenye Orodha Nyekundu. Leo mnunuzi wa kigeni, Voss, alikuja kuichukua ili awauzie waajiri wote wa bondeni. Ukiwa humo, kutoka Naivasha hadi Rongai hakuna lango litakalokufungulia. Wala hutaambiwa kwa nini.

Jina la kwanza lilikuwa la Celestine, mfanyakazi mwenzake.

Kosa lake? "Hukutana na watu 214 kwa siku," mashine iliandika. "Mchochezi wa mgomo." Mjinga gani aliifunza mashine hiyo? Celestine alikuwa mama wa kanisa asiyeweza kuanza kazi kabla ya kumpa kila mtu mkono, kuanzia mlinzi wa lango hadi dereva wa trekta. Basi. Mwanamke anasalimia watu.

Mstari uliofuata ndio uliomfanya Jepkemei, siku alipousoma, ajikate kidole kwa makasi ya maua.

"Mapigo yamebadilika. Mjamzito, wiki ya saba."

Celestine mwenyewe alikuwa hajajua. Asubuhi hii alilalamika tu kwamba chai imemchefua, akamlaumu mpishi.

"Karishma, niambie," Jepkemei alinong'ona.

Karishma alisimamia kompyuta za shamba. Ndiye aliyepiga simu Nakuru siku alipoelewa mtambo wake unatumiwa kwa kazi gani.

"Intaneti nimekata, na ile orodha ya kwa seva nimefuta," alijibu. "Lakini Kigen alikuwa ashaiweka kwa memori kadi. Imebaki hiyo moja tu. Sijui ameificha wapi."

Kemboi akaingilia. "Usimguse kabla ujue iko wapi. Ataimeza."

Kigen alitoka ofisini. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Hatua thelathini mbele yake Voss alisubiri kando ya Prado nyeupe, injini inanguruma.

Mfukoni? Kwenye soksi? Chini ya ulimi?

Hatua ishirini.

Celestine akatokea akisukuma mkokoteni wa ndoo za waridi. Bila shaka alisimama.

"Boss! Leo hatujasalimiana!" Mkono ulikuwa mbele tayari.

Kigen alisita. Kisha akakunja ngumi ya kulia, akampa kifundo cha mkono.

Salamu hiyo kila mtu bondeni anaijua. Unampa mwenzako kifundo ukiwa na tope, ukiwa na unga, ukiwa umetoka kuchinja kuku. Hutaki kumchafua.

Celestine alicheka. "Ai, boss! Kwani umetoka kukamua ng'ombe?"

Mikono ya Kigen haikuwahi kugusa hata jani.

"Ngumi ya kulia," Jepkemei alisema. "Naenda."

Aliruka meza.

Kigen alimwona, akatimua mbio. Voss akachomoa Beretta.

"Celestine, lala chini!"

Risasi ilipasua ndoo na maji yakamwagika sakafuni. Glock ikajibu mara moja tu. Voss akapiga yowe, akashika bega, Beretta ikaanguka chini ya gari. Kigen alikanyaga maji, akateleza, akalala chali na suti yake yote.

Buti ya mpira ikatua juu ya kile kifundo.

"Fungua."

"Hiyo ni mali ya kampuni!"

"Moyo wa Celestine ni mali ya kampuni?" Aliongeza uzito. "Hebu rudia nisikie."

Vidole vikafunguka. Kadi yenyewe ilikuwa ndogo kama ukucha.

Askari wa Kemboi waliokuwa wamejificha langoni waliingia, wakawafunga wote wawili pingu.

"Kazi safi," Kemboi alisema sikioni. "Lete hiyo kadi ikiwa nzima. Wakubwa wanaitaka. Watu elfu moja, nani anakutana na nani... itatufaa."

Jepkemei alihisi damu ikimchemka upya.

"Kesi iko na barua pepe zao, mzee. Karishma ashatuma zote."

"Nimesema lete."

Alitoa makasi ya maua kwenye aproni. Akaikata kadi vipande viwili, kisha vinne.

"Imekatika, mzee."

"Imekatikaje?"

"Ajali kazini."

Akakata bangili yake. Akamwinua Celestine, aliyelowa na kutapakaa tope, akakata na ya kwake.

"Hiyo kadi ilikuwa na nini, dada?" Celestine aliuliza.

"Mambo yako."

"Mambo gani?"

"Ni yako. Hakuna mtu alifaa kuyajua kabla yako. Hata mimi. Pitia zahanati kesho, uwaambie ile chai ilikuchefua."

Celestine alitazama mikono yake michafu, akampa kifundo.

Jepkemei alikikataa. Alimshika kiganja, tope na yote, kisha akatembea polepole hadi kwenye Subaru yake bila kujifuta.