Alama Nyekundu Kwenye Draivu Z

Kila alasiri Rosina alipotoka shuleni, alivua viatu mlangoni, akala wali uliobaki mchana, kisha akaketi mbele ya kompyuta ndogo ya sebuleni. Nyumba ilikuwa kimya. Mama Mdogo Teresia, mdogo wa marehemu mama yake, alikuwa kazini zahanati hadi jioni. Hapa Garsen, alikohamia baada ya mama yake kufariki, Rosina hakuwa na rafiki hata mmoja. Wenzake darasani walidhani anaringa, kumbe alikuwa mpweke tu, na upweke humfanya mtu ayameze maneno yake.

Mwenzake alikuwa draivu Z. Mama yake, kabla hajafariki, alikuwa amerekodi hadithi nyingi kwa simu, na Mama Mdogo alizihifadhi katika kompyuta kubwa ya chumbani. Hiyo ilikuwa ya kazi, tena imefungwa kwa neno la siri. Basi aliziunganisha kompyuta mbili hizo kwa waifai, na folda ya hadithi ikawa inaonekana sebuleni kama draivu yenye herufi Z. Rosina alibonyeza tu, na mama akaanza kusimulia.

Alhamisi moja redio ya jirani ilitangaza kwamba Mto Tana umefura huko juu. Rosina alikulia Wenje, kijiji cha kando ya mto huo, na mtoto wa Wenje hangoji maji yamfike magotini. Kwao tangazo kama hilo likitoka, kila kitu hupandishwa juu. Akachomoa kisanduku cha waifai, akachomoa na kompyuta ya chumbani, akavipandisha vyote juu ya kabati huku jasho likimtiririka. Maskini, hakuna aliyemwambia kwamba nyumba ile imejengwa mwinukoni, na mafuriko hayajawahi kuifikia. Jua likashuka, maji hayaonekani. Aliona haya, akavirudisha vyote mahali pake na kuviwasha kabla Mama Mdogo hajarudi.

Kesho yake draivu Z ilikuwa na alama nyekundu. Alibonyeza, kompyuta ikamjibu kwamba haikuweza kuunganishwa. Akaizima, akaiwasha, wapi! Aliamini ameifuta sauti ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Chakula kikawa hakishuki, na Mama Mdogo alipomuuliza, alisingizia kichwa. Wiki nzima alirudi kutoka shuleni akaketi akiitazama alama ile, hana wa kumsikiliza wala wa kumwambia. Hata siku ya mazishi hakujihisi peke yake namna hiyo.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Mama Mdogo alimkuta jikoni akilia huku anaparua samaki. Hapo alishindwa kujizuia.

"Mama Mdogo, nimempoteza mama tena," alisema, kisha akaeleza yote.

Teresia hakumkaripia. Alimshika mkono, wakaingia chumbani, akaandika neno la siri na kuifungua folda. Hadithi zote zilikuwepo. Rosina aliketi kitandani, akazihesabu moja moja.

Waliporudi sebuleni, Mama Mdogo alianza kuitafuta hitilafu. Kompyuta ya chumbani ilikuwa imewaka. Zote mbili zilikuwa kwenye waifai moja. Ndipo alipoitazama anwani ya draivu, akaguna. Alimweleza Rosina kwamba kile kisanduku huipa kila kompyuta namba, na kikizimwa kinaweza kugawa namba upya. Draivu Z ilikuwa bado inabisha hodi kwenye namba ya zamani. Akaiondoa, akaiunganisha tena, safari hii kwa jina la kompyuta, maana jina halibadiliki kisanduku kikizimwa. Alama nyekundu ikatoweka.

"Kuviokoa vitu hukukosea," alisema Mama Mdogo. "Ulikosea kuninyamazia. Kitu kikiharibika, sema mapema, hata kama umekiharibu wewe. Ungeniambia siku ile ile, usingelia wiki nzima."

Rosina aliitikia. Kisha akauliza jambo lililomsumbua siku nyingi: mbona Mama Mdogo mwenyewe hasikilizi hadithi hizo?

"Najaribu," alisema Mama Mdogo kwa sauti ya chini. "Nikiwa peke yangu siwezi, mwanangu. Na mimi pia nilikuwa nimekunyamazia."

Rosina alimvutia kiti karibu na chake, akabonyeza.