Mgeni Aliyetoka kwa Watakatifu

Vaileth alianza kusikia harufu ya mayai mabichi siku ileile alipotundika picha ya watakatifu sebuleni, na kwenye friji hapakuwa na yai hata moja. Picha hiyo ya altare, mbao za kale zilizopakwa dhahabu na rangi ya kiini cha yai, alipewa na watoto wa bibi mgonjwa aliyekuwa akimuuguza hapo Rockville, ughaibuni. Bibi alipofariki, hawakutaka hata kuigusa. Vaileth, Mkatoliki wa damu, akaona bahati imemwangukia. Bahati gani! Mtakatifu mmoja alikwanguliwa uso wote, naye hakujiuliza ni kwa nini.

Mchana mmoja wa theluji, akiwa jikoni, alisikia kutoka sebuleni, "Hodi."

"Karibu!" akaitikia alivyolelewa, bila kuuliza ni nani. Ndipo akakumbuka kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo.

Tangu hapo Ethan, mwanawe wa miaka sita, hakuinuka kitandani. Hospitali hawakuona kitu. Pumzi yake ilinuka yai bichi, na ulimi wake ulijaa vumbi la dhahabu.

Mumewe, Clement, akamleta Maalim Khatibu kutoka mji jirani wa Columbia. Maalim alimtazama mtoto, akaitazama picha, sauti ikamshuka.

"Mama Ethan, jini aliyemwingia mwanao alifungwa humo pichani. Wewe umemkaribisha."

"Mfukuze, Maalim, nakuomba!"

"Aliyekaribishwa hafukuzwi. Husindikizwa na mwenyeji wake mpaka kwake."

"Nitarudi?"

Maalim akatikisa kichwa. "Na hodi ya humo isiitikiwe tena, hata iwe sauti ya nani."

"Usithubutu, Vaileth," Clement alinong'ona. "Tuta-call padri, tutatafuta specialist mwingine..."

"Mtoto anakufa, baba Ethan!"

Akambusu mwanawe, akanyoosha mkono hewani, na kitu baridi kikaushika, wakaenda pamoja kuelekea ukutani, yeye akilia, Maalim akisoma dua, harufu ya mayai ikizidi hadi Clement akapiga magoti na kutapika, na alipoinua kichwa palikuwa na khanga ya mkewe tu sakafuni.

Pichani, kando ya yule asiye na uso, alisimama mwanamke mwenye viatu vyeupe vya kazini.

Ethan akaketi kitandani, mzima. "Daddy, where's Mama?"

"Hodi," Vaileth akaita kutoka ukutani, taratibu. "Hodi, mwanangu. Kuna baridi huku."

Uso wa mtoto ukachangamka. Yeye ambaye kila siku hujibu kwa Kiingereza, akafumbua kinywa, "Ka..."

Clement akamrukia na kumziba mdomo kwa mikono miwili, akilia kwa kwikwi, na mkewe akabisha tena.