Joho la Ndege Wawili

Sebule ya Fundi haikuwa tena sebule. Viti vilisukumwa ukutani, na katikati ilikaa cherehani ya kutarizi, kubwa na yenye kelele. Nyumbani humo walikuwa watatu: Fundi mwenyewe, Bibi aliyekuwa mama yake, na binti yake. Binti huyo aliitwa Injinia tangu utotoni, kwa sababu kila redio iliyoingia nyumbani aliifungua aone kuna nini ndani.

Jioni hiyo kwaya ya mtaa ingeimba ukumbini. Bibi ndiye angeongoza wimbo wa mwisho, akiwa amesimama katikati ya jukwaa, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wiki nzima aliimba hata akiosha sufuria.

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa akitarizi majoho ya kwaya. Kila joho lilitakiwa kuwa na ndege kwenye mkono mmoja na ua kwenye mkono mwingine. Lakini mwalimu wa kwaya alikuwa na mambo yake. Alitaka ndege wote wawe upande wa katikati ya jukwaa. Kwa hiyo waimbaji wa upande mmoja walihitaji ndege mkono wa kulia, na wenzao wa upande wa pili mkono wa kushoto. Fundi alikuwa ameyakata majoho kwa jozi, moja la huku na moja la kule.

"Kila joho likiisha, mashine ibadilishe picha yenyewe," alisema. "Si wewe ndiye Injinia?"

"Hiyo kazi ndogo, Mama!"

Ubavuni mwa cherehani kulikuwa na kibao kidogo cha kompyuta. Injinia alikiandikia programu kwa lugha ya C, lugha inayomruhusu mtu kugusa kumbukumbu ya mashine moja kwa moja. Aliandika mistari miwili tu. Wa kwanza: picha ya kulia iandikwe kushoto. Wa pili: picha ya kushoto iandikwe kulia.

Joho la kwanza lilitoka zuri. Picha zikabadilishwa. Joho la pili likatoka na ndege mkono wa kushoto. Na ndege mkono wa kulia.

"Injinia," Fundi aliita kwa upole, ule upole wake wa hatari. "Ua langu liko wapi?"

Injinia aliusoma mstari wa kwanza, akajishika kichwa. "Nimemwandika ndege juu ya ua, Mama. Ua limefutika. Mstari wa pili ulipokwenda kulitafuta, ulimkuta ndege, ukamrudisha alikotoka."

"Na kitambaa kimekwisha. Nikifumua, mkono utabaki matundu matupu. Mtu mmoja atakosa joho."

"Nitakosa mimi," Bibi alisema. "Nitavaa gauni langu la siku zote. Sauti haivai joho." Alicheka, lakini baada ya hapo hakuimba tena, na Injinia alijisikia vibaya sana.

Alilirudisha ua kwenye kumbukumbu, kisha akaongeza nafasi ya tatu. Sasa mshono mmoja wa ndege uliwekwa pembeni kwanza. Mshono wa ua ukaingia mahali pake. Kisha ule wa pembeni ukaenda mahali pa ua. Ukafuata mshono mwingine, na mwingine.

Safari hii hakikupotea kitu. Lakini kila picha ilikuwa na maelfu ya mishono, na kumbukumbu iliyotunza picha ilichukua muda kuandikwa. Kati ya joho na joho, cherehani ilinyamaza. Fundi alimimina chai, akainywa, akaimaliza, akaosha na kikombe.

"Kwa mwendo huu kwaya itaimba keshokutwa," alisema.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Lifti, jirani wa ghorofa ya juu, anayeandika programu za kuendesha lifti. Alikuja kuchukua joho la mumewe. Alimkuta Bibi amekaa sakafuni kati ya maboksi mawili.

"Shikamoo Bibi. Mbona uko chini?"

"Marahaba mwanangu. Majoho ya kushoto nimeyatia kwenye boksi lililoandikwa KULIA, na ya kulia nimeyatia KUSHOTO. Uzee huo! Sasa itabidi niyahamishe moja moja."

"Uonee huruma mgongo wako. Majoho yakae hapohapo."

Mama Lifti alibandua karatasi ya KUSHOTO, akaishika kiganjani. Akaichukua ya KULIA, akaibandika pale ilipokuwa ya kwanza. Kisha ile ya kiganjani akaibandika kwenye boksi la pili.

"Basi?" Bibi aliuliza.

"Basi."

"Na mimi miguu imeshakufa ganzi!"

Injinia alikuwa ameacha kuandika. "Mama Lifti," alisema taratibu, "mimi nahamisha majoho."

"Majoho gani?"

"Picha! Naihamisha picha nzima, mshono kwa mshono."

Mama Lifti alivuta kiti. "Picha ziache zilipo. Tengeneza vielekezi viwili. Kielekezi ni kama karatasi hizi: hakibebi picha, kinashika anwani tu, yaani mahali picha ilipo kwenye kumbukumbu. Sindano ikisome kielekezi cha mkono wa kulia, iende kinakoipeleka. Cha kushoto vivyo hivyo. Ukitaka kubadilisha, badilisha vielekezi."

"Na kiganja?" Fundi aliuliza. Hata yeye alikuwa amesogea.

"Kiganja lazima. Bila hicho anwani moja itaifuta nyingine."

"Nilisoma kuna hila ya hesabu," Injinia alisema. "Unabadilisha namba mbili bila nafasi ya tatu."

"Ipo. Ila ukiielekeza mahali pamoja mara mbili kwa bahati mbaya, inakuachia sifuri. Na unaokoa nini? Nafasi yenyewe ni ya anwani moja tu. Mara nyingi kompaila, ile programu inayoitafsiri kazi yako kwa mashine, huiweka ndani ya kichwa cha mashine, kusiko na foleni. Andika wazi, binti. Ujanja uwaachie wezi."

Injinia aliandika mistari mitatu. Kiganja kishike anwani ya kushoto. Kushoto ishike ya kulia. Kulia ishike ya kiganja.

Joho likaisha. Fundi alinyoosha mkono kuchukua birika, lakini cherehani ilikuwa imeshaanza joho linalofuata.

"Heee! Hata chai hainywewi tena!"

Walicheka wote, na kazi ikaenda mbio. Jua lilipoanza kupungua, maboksi yote mawili yalijaa. Mezani lilibaki joho moja, lile lililoharibika.

Bibi alilinyanyua, akaligeuza huku na huku. "Mwalimu alisema ndege wakae upande gani?"

"Wa katikati," Fundi alijibu.

"Na mimi nasimama wapi?"

"Katikati," Fundi alisema, akautazama mkono mmoja wa joho na wa pili. Kisha akacheka mpaka futi yake ya kupimia ikaanguka kutoka shingoni.

Jioni ile Bibi aliimba kwa mikono iliyoinuliwa, ndege huku na ndege kule, na ukumbi mzima ukasimama. Baada ya nyimbo mwalimu wa kwaya alikuja mbio kuuliza nani alibuni joho la katikati.

Injinia aliangalia chini. Fundi akamshika bega.

"Huyu hapa," alisema. "Alilibuni asubuhi, kwa mistari miwili tu."